Mtamba Aliyeuzwa Mara Nne

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimekasirika tangu jana na bado. Nimeunguza maharagwe, sufuria nzima, na Ngatia ameyakula bila kusema neno. Anajua yameungua kwa sababu yake.

Kamati ya mavuno ilikutana jana baada ya ibada. Mwenyekiti ni mume wangu. Wakakaa, wakanywa chai, wakaomba, wakaamua sadaka yote ya mavuno mwaka huu itanunua gari. Gari la injili! Vani nyeupe, jina la kanisa ubavuni, spika mbili juu. Ati litazunguka kutoka hapa Nyeri mpaka Murang'a likihubiri.

Nikamuuliza, na Muriithi?

Muriithi ndiye mwinjilisti wetu. Sisi wenyewe tulimtuma kule Kieni, mbele ya Chaka, aanzishe kanisa la tawi pale penye ukavu. Tulimwekea mikono, tukaimba, wengine tukalia. Sasa tangu Pasaka hajaona mshahara. Siku ya soko anahubiri Chaka na kipaza sauti cha kuazima, kisha anarudi nyumbani kwa miguu. Ana mke na watoto watatu.

Ngatia akasema Mchungaji Wambugu ameshalijibu hilo kwenye kikao. Mwinjilisti huishi kwa imani. Hivyo tu. Mchungaji mwenye nyumba ya parokia, gari la parokia na bima ya matibabu! Hiyo imani mbona isianzie kwake?

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Ngatia hana subira na Kiswahili cha mwalimu mstaafu. Akilifungua hili daftari atalifunga kabla hajafika chini ya ukurasa.


Jumatano, 10 Septemba

Nimemkatia Shukrani majani ya nepia mwenyewe. Amekula mpaka tumbo likawa ngoma. Mtamba mzuri huyu! Mgongo umenyooka, macho makubwa, na ana tabia ya kunilamba kiwiko nikiwa nakata.

Si wangu, lakini. Na si wa Ngatia.

Mama yake alipomzaa Januari alianguka zizini, miguu ikakataa. Muriithi alikuwa amekuja parokia kwa semina, akapita kutusalimu. Alivua koti lake la pekee, akapiga magoti kwenye matope na mavi, akaomba huku akimsugua yule ng'ombe mgongo na gunia. Daktari wa mifugo alifika baadaye na chupa ya dawa ya kudunga mshipani. Ng'ombe akainuka. Ngatia husema ni dawa. Mimi husema ni vyote viwili. Ila kabla hajainuka nilisema kwa sauti, na Ngatia alisikia: Bwana, huyu akisimama, ndama ni wa Muriithi na watoto wake, wapate maziwa.

Kwa hiyo nimeamua. Siku ya mavuno nitampeleka Shukrani mbele ya kanisa, nimkabidhi Muriithi kamba mkononi, watu wote wakiona. Wajue kuna mtu anamkumbuka. Na kamati ione haya kidogo.


Jumapili, 14 Septemba

Nimeongea na mchungaji mlangoni. Nilimweleza nadhiri yangu. Akatabasamu lile tabasamu lake la mazishi. Akasema, "Mwalimu, Mungu akubariki sana. Lakini kitu ikishafika madhabahuni haiko na jina ya mtu. Inaingia kwa mavuno. Tukianza kupatia watu vitu moja moja, itakuwa ni ubaguzi."

Ubaguzi! Kumlisha mtu tuliyemtuma wenyewe!

Jioni nikamwambia Ngatia, Baba Kim, mimi huyo ng'ombe simtoi kama ni hivyo. Nitampeleka Kieni kimyakimya. Akaniangalia kwa upole, na upole wa Ngatia ni wa kuogopwa. Akasema nikifanya hivyo nitamwaibisha, mke wa mwenyekiti kupita pembeni ya kamati. Nimlete tu. Atatangaza mwenyewe kwamba huyu ni wa Muriithi, hataguswa na mnada. Ameniahidi. Nikamwambia aape. Akasema mzee wa kanisa haapi.

Nimemwamini. Naandika hapa ili niwe na ushahidi.


Alhamisi, 18 Septemba

Phyllis, jirani yangu, amerudi kutoka Nanyuki kwa dada yake. Amemuona Muriithi! Alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la Alpesh, anauliza kazi. Kubeba simenti na kukata vyuma. Alpesh alimwambia arudi mwisho wa mwezi, kuna kijana anaondoka.

Nimekaa na hilo jambo siku nzima. Akienda Nanyuki, tawi limekufa. Wale watu wamejenga kanisa la mabati kwa mikono yao, akina mama wamechota maji ya kuchanganya simenti kwa mgongo. Nani mwingine ataenda kule? Vani?

Heri Shukrani apelekwe upesi.


Jumapili, 21 Septemba

Niandike yote kabla sijalala.

Tulifika mapema. Nilikuwa nimemsugua Shukrani kwa sabuni, nikamfunga utepe mwekundu shingoni. Muriithi alikuwepo, ameitwa kutoka Kieni, koti lilelile, amekaa benchi la nyuma na Beth, mke wake. Katikati ya ibada mchungaji akasema mwinjilisti wetu asimame tumuone. Akasimama. Makofi. Akaketi. Basi! Hakuna aliyempa hata dakika moja ya kusema habari za kule.

Baada ya ibada, mnada. Kila mwaka ni vivyo hivyo. Kile kisichoingia kwenye bahasha, ndizi, kuku, mayai, magunia ya viazi, huwekwa kwenye nyasi nje na kunadiwa. Na hapa kwetu mtu akinunua, kama ana moyo, analipa halafu anasema namrudishia Bwana. Kitu kinauzwa tena. Jogoo mmoja mwaka jana aliuzwa mpaka akachoka, akalala chini. Sina neno na hilo. Jogoo ni jogoo.

Mnadi ni Mutahi, fundi wa viatu, mdomo wake hauna breki. Akamaliza kuku, akamaliza viazi. Nikasogea na kamba, nikamtazama Ngatia atangaze. Ngatia akashika kipaza sauti. Nilikuwa hata nimeshaanza kumtafuta Muriithi kwa macho.

Akasema, "Na sasa familia yetu inatoa hii mtamba kwa ajili ya gari ya injili."

Sikusikia vizuri makofi. Kamba ikachukuliwa mkononi mwangu na kijana wa kwaya. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga. Mke wa mwenyekiti, mbele ya kanisa zima, amevaa kitambaa cha kichwa cha chama cha akina mama. Nilisimama pale kama mlingoti.

Mgeni wa heshima, mwanakandarasi kutoka Murang'a, akamnunua. Namrudishia Bwana! Vigelegele. Vijana wakachangishana, wakamnunua. Namrudishia Bwana! Chama cha akina mama, Phyllis akiwa mbele, wakamnunua — akanikonyeza, masikini, akidhani ananifurahisha — wakamrudishia Bwana. Mara tatu. Bei ikipanda kila mara.

Hapo ndipo mume wangu alipopatwa na ukubwa. Mwenyekiti hawezi kushindwa na akina mama. Na alimwona mwanakandarasi bado anatikisa kichwa pembeni, akajua mgeni ataingia tena. Kwa hiyo akataja bei ya kuchangamsha, bei ya ng'ombe wawili wanaokamuliwa. Akaweka mikono mfukoni, akangoja mgeni apande zaidi.

Mgeni alikuwa anatikisa kichwa kwa simu! Alikuwa na vile vidude vya masikioni. Akaenda zake mpaka kwenye gari, anaongea.

Mutahi akaita mara ya kwanza. Kimya. Mara ya pili. Watu walikuwa wamekwisha, mifuko mitupu, wanawaza chakula. Ngatia akageuka kushoto, akageuka kulia. Nilimwona shingo ikizunguka, anamtafuta mgeni. Mara ya tatu, Mutahi akagonga ndoo.

Akisema namrudishia Bwana, amepoteza pesa na ng'ombe. Asiposema, amenunua mtamba aliyezaliwa nyumbani kwake. Watu wakangoja. Mchungaji akangoja. Ngatia akamwendea Shukrani, akachukua kamba, akasema kwa sauti ndogo, "Nitakaa na yeye."

Akatembea naye mpaka nyumbani, kilomita mbili, suti nyeusi, utepe mwekundu, watu wakimpita na kumpongeza. Mimi nilitembea nyuma yake. Sikumpongeza.

Muriithi nilimwona mbali, anamsaidia Beth kuvuka mtaro. Walikuwa wamepewa kabichi mbili.


Jumatatu, 22 Septemba

Ngatia hana pesa aliyotaja. Mhazini amempa mpaka mwisho wa mwezi. Sasa anataka kumuuza Shukrani kwa broka wa ng'ombe wa Sagana, aongezee na pesa ya majani chai.

Nikamwambia huyo ng'ombe ana nadhiri. Akajibu, bila hata kupepesa, "Mama Kim, ile ya nadhiri iliuzwa jana. Hii ni ya kununua."

Ni ng'ombe mmoja! Anakula kwenye hori lilelile! Nimefundisha watoto wa darasa la tatu wenye akili kuliko hiyo.

Nikamuuliza kwa nini hakutangaza alivyoniahidi. Akasema mgeni alikuwa anaangalia, na mchungaji alikuwa amemnong'oneza kwamba mtamba ndiyo kitu kikubwa ya siku, wakimtoa kwa mnada hakuna mnada. Angefanya nini?

Angefungua mdomo. Hicho tu. Nami ningefungua wangu. Nimelala chumba cha mwanetu Kim, godoro limejaa mashimo.


Jumatano, 24 Septemba

Nimemwendea mchungaji ofisini, nimempata anaangalia picha za vani kwenye simu. Nikamwambia ameninyang'anya nadhiri. Akaniketisha. Akasema nadhiri yangu imetimia, kwa sababu Mungu huangalia moyo, na moyo wangu ameuona.

Nikamjibu, "Mchungaji, hao watoto wa Muriithi hawanywi moyo."

Akakohoa. Akasema mambo ya Muriithi yako kwa maombi. Tangu Pasaka yako kwa maombi! Nikamuuliza kama anajua mwinjilisti wake anatafuta kazi ya kubeba simenti. Hakujua. Niliona kabisa kwamba hakujua, na kwa nukta moja alionekana mtu. Halafu simu ikalia, akasema ni wale wa gari, akainua kidole ningoje. Sikungoja.


Ijumaa, 26 Septemba

Broka anakuja kesho adhuhuri. Ngatia ataenda ushirika wa wanaume asubuhi.

Nimeongea na mwenye pikap. Anakuja Ngatia akishatoka tu.

Sijui kama ni wizi. Mungu anajua ng'ombe ni wa nani. Nimefua blauzi ya bluu, ile ya sherehe.


Jumamosi, 27 Septemba

Niko kwa Muriithi. Naandikia magotini, Beth ametoka nje na watoto. Muriithi hayupo, amekwenda Nanyuki, atarudi mchana.

Safari ilikuwa nzuri. Shukrani alisimama nyuma ya pikap akinusa hewa, na mimi mbele nikiimba, kweli niliimba, dereva akaniangalia kwa jicho la pembeni. Tulipopita Chaka nilikuwa nimeshapanga maneno. Beth atatoka. Nitampa kamba. Nitasema, hii ni ya kwenu, haikupitia kwa kamati ya mtu.

Beth alitoka. Nikampa kamba. Nikasema.

Akaishika. Akasema asante, Mwalimu, Mungu akubariki. Lakini hakufurahi! Nilimtazama uso mzima kutafuta furaha, hakuna. Nikajawa na hasira upya, nitasema ukweli. Nimegombana na mume, nimemvunjia heshima mchungaji, nimelipa pikap, halafu nipewe asante ya kupokea kikombe cha chai?

Tukamfunga Shukrani kwenye nguzo ya jikoni. Alikuwa na kiu ya safari. Pale mlangoni kulikuwa na ndoo, akaingiza mdomo, akanywa yote. Nilicheka. Nikasema mwone, amejisikia nyumbani.

Hakuna aliyecheka. Watoto walimwangalia mama yao. Mama yao aliangalia ndoo. Binti mkubwa akachukua mtungi wa plastiki bila kuambiwa, akaondoka nao njiani.

Nikauliza maji yako wapi. Beth akasema wananunua kwa mwenye punda, na wiki hii mwenye punda hajapita kwao maana wako na deni lake. Yale yalikuwa ya leo.

Tukakaa. Chai hakunipikia, nami nikaelewa kwa nini. Kisha akaanza kuongea polepole, akiangalia mikono yake.

"Mwalimu, usikasirike. Hii ndama ni mzuri sana. Lakini itakula nini hapa? Nyasi uliona? Na ndiyo kwanza inakua. Mpaka ipandwe, mpaka ibebe mimba, mpaka izae — hawa watoto wangu watakuwa wakubwa. Mimi nilisikia pale kanisani ikiuzwa, nikasema afadhali. Nikaambia Muriithi, afadhali."

Afadhali!

Nimefuga ng'ombe tangu niolewe. Ninajua mtamba anazaa lini kama ninavyojua jina langu. Kila siku tangu Januari nimewaona watoto wa Muriithi wakinywa maziwa, masharubu meupe mdomoni, na sikuwahi kujiuliza yanatoka wapi. Nilitaka waonekane wakinywa. Nilitaka kamba ipite kutoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwake, watu wakiona. Hata leo nimevaa blauzi ya bluu.

Najisikia vibaya sana. Na bado nimewakasirikia wote, kamati, mchungaji, Ngatia. Hilo halijaondoka. Ila sasa nimo na mimi humo.

Nilimuuliza Beth mbona hawakusema tangu mwanzo. Akanijibu kwamba hakuna aliyewauliza. Hakusema kwa ubaya.


Jumamosi, mchana

Muriithi amerudi. Ana vumbi la simenti kwenye viatu, kwa hiyo amejaribiwa kazi leo. Alpesh amemwambia aanze Jumatano, na atamlipa kila Jumamosi. Kila Jumamosi! Mtu ambaye hajawahi kukanyaga kanisa letu ndiye atakayemlipa mwinjilisti wetu.

Alimwona Shukrani, akasimama, akaenda akamsugua mgongo kwa kiganja kama alivyomsugua mama yake. Halafu akaingia, akanisalimia kwa mikono miwili, akaketi mbele yangu.

Ngatia amepiga simu mara nyingi. Mwishowe nimepokea. Broka wa Sagana ameketi kwenye veranda yetu anakunywa chai, pesa anayo mfukoni, anauliza ng'ombe iko wapi. Nikamwambia iko Kieni. Nikafikiri amekata. Kumbe yupo. Akauliza kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuzike mama yake, "Muriithi amefurahi?"

Nikamwambia ningoje, usikate. Nikaweka simu mezani, ikiwa wazi kwenye spika.

Nikamgeukia Muriithi. Nikamwambia, mwanangu, hujaniomba huyu ng'ombe. Mimi ndiye nilimwahidi Mungu bila kukuuliza. Wale nao wameamua kununua vani bila kukuuliza. Sasa nakuuliza mimi, na mwenyekiti anasikia. Ili ukae hapa, unahitaji nini?

Akatazama simu. Akatazama mlango, pale ng'ombe alipo. Alianza kusema yale maneno yetu ya kanisani, kwamba Mungu ni mwaminifu, kwamba tusiwe na wasiwasi —

"Muriithi," Beth akasema. "Umeulizwa."

Beth amevuta kigoda, ameketi karibu naye. Muriithi anajipangusa vumbi magotini, polepole, upande mmoja, kisha mwingine. Kwenye simu nasikia Ngatia anapumua, na nyuma yake yule broka anauliza kama wanaendelea au hawaendelei.

Ngatia amemwambia anyamaze.